Bomba la Moshi na Tabo ya Adriano

Mume wangu Wilbroad anapenda kusifiwa kupita kiasi, ndiyo maana mimi humnyima. Ukimwambia shati limempendeza, atalivaa mpaka lichakae. Ukimwambia gari limepona, atakueleza ugonjwa wake tangu lilipotoka kiwandani. Kwa hiyo haya nayasema yeye akiwa gereji, nami niko nyumbani Chemchem nachuja asali, na atakayempelekea maneno yangu tutakosana.

Ni fundi wa magari. Gereji yake iko Mtendeni, uani nyuma ya maduka, na mji mzima unamwita Fundi Sikio. Jina hilo hakujipa mwenyewe, ingawa hakulikataa. Lilitokana na kipande cha mpira mweusi, urefu wa mkono, ambacho ncha moja aliiweka sikioni na nyingine akaitembeza ndani ya injini inayounguruma. Pale ambapo sisi wengine tulisikia ngurumo tupu, yeye alisikia beringi inayotaka kufa, au hewa inayovuja mahali padogo pasipoingia sindano. Alikuwa akifumba macho, anainamisha kichwa, halafu anaweka kidole mahali na kusema: hapa. Watu walikuja kutoka Nzega na Sikonge kumtazama akisikiliza. Mimi nilikuwa nafika na kikapu cha chakula, nasimama kando kama mgeni, nikijiambia moyoni kwamba mwanamume huyu ni wangu. Yeye sikumwambia hata siku moja.

Halafu masikio yakaanza kumtupa.

Nyumbani nilijua mapema. Redio ilipandishwa sauti mpaka jirani akaja kuuliza kama tuna msiba. Kanisani akawa anaitikia baada ya watu wote kumaliza, peke yake na kwa sauti kubwa, watu wakadhani ni uchaji. Mwanetu Egidi akipiga simu kutoka Mwanza, baba yake anajibu ndiyo, ndiyo, kisha ananipa simu na kuniuliza mtoto kasema nini. Nilimsumbua mpaka akakubali kwenda hospitali. Daktari akatueleza bila kuzunguka kwamba kelele za injini za miaka yote hiyo ndizo zilizoyala masikio, na kilicholiwa hakirudi. Tulipotoka nje Wilbroad akanikataza kumwambia mtu yeyote, hata Egidi.

Gereji akaendelea kuweka mpira sikioni. Alifumba macho vilevile, akainamisha kichwa vilevile, lakini kilichokuwa kinamwongoza sasa ni uzoefu. Magari mengi yana magonjwa yaleyale, basi mara nyingi alipatia, na wateja walitikisa vichwa kwa mshangao kama zamani. Mimi nilimwona anavyoigiza. Iliniuma kuliko ambavyo ingeniuma kama angekosea.

Ndipo akaja Adriano.

Adriano ni mtu wa kwetu Ulyankulu. Wazazi wake na wangu walitoka Burundi pamoja, wakapewa mashamba yanayopakana, na mpaka leo tukikutana tunaongea Kirundi ili Wilbroad adhani tunamsengenya. Kazi yake ni kukusanya asali kwa warina wa huko na wa Urambo na kuileta mjini, nami ni mmoja wa wanaoipokea. Anaendesha pikapu ya dizeli ya milango minne, yenye tabo.

Nimekaa na fundi muda wa kutosha kujua tabo ni nini. Ni kidude cha chuma chenye umbo la konokono, kinachozungushwa na moshi wa injini yenyewe, na kikizunguka kinaisukumia injini hewa nyingi zaidi ya ile ambayo ingevuta peke yake. Hapo ndipo gari dogo linapata nguvu za kubeba mzigo mkubwa. Lakini tabo haijiamulii. Pembeni yake kuna kikopo cha bati chenye fimbo, na kikopo hicho kinapata mvuto wa pampu kwa kupitia mipira myembamba na valvu moja. Fimbo ikivutwa, tabo inasukuma kwa nguvu, ikiachiwa, inalegea. Mpira mmoja ukitoboka, amri haifiki, na tabo nzima isiyo na kosa inakaa tu pale bila kujua la kufanya.

Gari la Adriano asubuhi lilikuwa linavuta vizuri. Likishaingia barabara ya Urambo na mzigo, likapata moto sawasawa, linaishiwa nguvu, linatoa moshi mweusi, taa ya injini inawaka, na malori ya tumbaku yanampita huku madereva wakimpungia mkono. Akilala akiamka, gari zima. Jamaa mmoja karibu na stendi mwenye mashine ya kusoma makosa alilipima, akamwambia msukumo wa hewa uko chini. Alisema kweli, ila mashine haikuweza kumwambia hewa inapotelea wapi. Mafundi wengine wakamshauri aitoe tabo aweke nyingine. Adriano akawajibu kwamba tabo yake haiguswi na mtu mpaka Fundi Sikio aisikilize.

Jioni ile Wilbroad alirudi nyumbani akala bila kulalamikia chumvi, nikajua kuna jambo. Alipomaliza kunawa akaniambia, bila kunitazama:

"Mama Egidi, gari la Adriano likinishinda, nafunga gereji. Siwezi kuendelea kubahatisha magari ya watu."

Hakuwa na hasira, na ndiyo maana niliogopa. Wilbroad akisema jambo kwa hasira, kesho amelisahau. Lile alilisema kama mtu aliyelipanga tangu zamani na aliyekuwa anangoja sababu tu. Nikamfikiria amekaa uani Chemchem na mikono safi. Sijawahi kumwona akiwa na mikono safi siku ya kazi, na sikutaka kumwona.

Siku iliyofuata alianza na sabuni, kama wanavyofanya wa pancha. Alilipaka povu kila bomba kubwa linalotoka kwenye tabo kwenda kwenye rejeta ya kupozea hewa na kurudi kwenye injini, akamwambia Adriano akanyage mafuta, akatazama kama kuna mahali patakapotoa mapovu. Hakuna. Akachomoa mpira mwembamba, akauvuta hewa kwa mdomo, akauziba kwa ulimi, akangoja kuona kama ulimi utaachiwa. Ulimi ukashikwa barabara. Fimbo ya tabo nayo aliijaribu kwa kidole, ikaenda na kurudi bila kukwama. Mimi nilikuwa nimeshafika na chakula, nikamwona anapochukua sasa ule mpira wa kusikilizia. Akafumba macho. Adriano akasimama mbele yake na tabasamu, anangoja kidole. Wilbroad alikaa hivyo muda mrefu, akahamisha mpira huku na huku, na kidole hakikuja. Mwisho akasema injini imepata moto kidogo, tuiache ipoe, tutaendelea kesho. Adriano akaitikia kwa heshima zote, baadaye akaondoka na gari lake. Nilitamani kulia, nikafungua vyombo vya chakula badala yake.

Usiku ule mezani ndipo nilipomwambia habari ya moshi. Baba yangu Venansi alikuwa mfuga nyuki wa kutegemewa pale Ulyankulu, na kabla ya kupandisha mzinga mtini alikuwa akiujaza moshi na kuuzunguka polepole kuona unatokea wapi. Ufa ambao jicho halikuuona, moshi uliuonyesha. Nikasema: kama tatizo ni hewa inayovuja na wewe huwezi tena kuisikia, basi ifanye ionekane. Bomba langu la moshi la kufukizia nyuki liko pale stoo, lenye kiriba cha kupulizia, lichukue.

Akaniambia gari si mzinga.

Nikamwambia na yeye si nyuki, mbona ananguruma. Tukalala tumepeana migongo.

Alfajiri nikakuta bomba halipo stoo. Jua lilipopanda nikamwona anarudi nalo kwapani, limezimika, masizi mpaka kwenye kope. Akasimama mlangoni, akanisalimia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, jambo analolifanya anapotaka kitu na hana namna ya kukiomba. Nikamuuliza aliweka nini ndani. Magazeti, akasema. Nikavaa khanga yangu nyingine, nikachukua magunzi makavu na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, nikamfuata gereji. Moshi wa nyuki unataka kitu kinachoungua kwa uchovu, na unataka mkono unaojua wakati wa kupuliza na wakati wa kuacha. Hilo ni langu, si lake.

Alichokifanya na moshi wangu asubuhi ile ndicho ninachotaka kukisema hasa. Mimi nilikuwa nimempa wazo la mzinga, yeye akalifanya kuwa kazi ya ufundi. Alichukua kipande cha mpira mweupe ambao waashi hupimia usawa wa ukuta, akaufunga kwenye mdomo wa bomba kwa klempu, akapitisha moshi kwenye kopo lenye maji kidogo ili upoe usiunguze kitu. Akaziba njia kubwa ya hewa kwa tambara na mfuko wa plastiki, akaingiza moshi, akaenda na tochi kila kiungo. Baadaye akahamia kwenye mipira myembamba. Alinielekeza nipulize kwa upole, kwa kuwa ndani ya kile kikopo kuna ngozi laini inayoweza kuchanika. Alikuwa amesahau kabisa kwamba nilikuwa nimenuna. Uso wake ulikuwa karibu na injini, macho yamefunguka, nami nilitambua sijawahi kumwona akifanya kazi macho yakiwa wazi namna ile. Alikuwa mzuri, nasema tu ukweli.

Wenye maduka walikusanyika. Zabibu muuza vitenge akauliza kwa sauti kama mke wa fundi anarina asali kwenye injini. Watu wakacheka, hata Adriano.

Moshi haukutoka. Ulitokea mahali pamoja tu, kwenye tundu la valvu ambalo limewekwa ili lipumue, na Wilbroad akasema hapo ndipo unapotakiwa kutokea. Kwingine kote, kavu. Tulirudia. Kavu vilevile. Watu wakachoka, wakarudi kwenye biashara zao.

Wilbroad akaweka tochi chini. Akachukua tambara akaanza kufuta spana, na kila aliyoifuta akaiweka sandukuni. Ilikuwa saa nne asubuhi. Fundi hafuti spana saa nne asubuhi. Adriano hakuelewa, akadhani ni usafi. Mimi nilielewa, na damu ikanipanda. Nilitaka kumfokea kwamba gari moja la asali si la kumtoa mtu katika maisha yake. Lakini kumfokea kiziwi mbele ya watu ni kumtangaza. Nikamimina chai, nikampelekea, nikasimama mbele ya lile sanduku ili asilifikie.

Akanywa. Halafu, kwa kutaka tu kusema neno, akamuuliza Adriano gari lilikujaje asubuhi ile. Vizuri sana, Adriano akasema. Na jana asubuhi? Vizuri vilevile. Akamuuliza linaanza kulegea lini, akajibiwa: mpaka lipate moto kabisa, mbele huko, na mzigo. Wilbroad akabaki na kikombe mkononi. Kisha akacheka peke yake, akakiweka kikombe juu ya tairi.

"Tunampima mgonjwa homa ikiwa imeshuka," akasema. "Pakia ndoo zako zote. Mama Egidi, washa bomba, tunaondoka."

Mtu mwingine angekuwa ameshakata tamaa na moshi. Yeye alikuwa amegundua kwamba moshi haukudanganya, ila sisi tuliuuliza swali wakati usiofaa. Nilipanda kiti cha nyuma nikiwa nimelipakata bomba juu ya bati, kidirisha wazi ili tusikosane na mapafu yetu, na nikaona kwamba hata asipopata kitu, leo nimemwona Wilbroad mwenyewe, asiyeigiza.

Barabara ya Urambo inakwenda karibu na njia ya zamani ya wapagazi waliotembea na mizigo mpaka Ujiji. Mababu wa Wilbroad walikuwamo, naye kila tukipita hunikumbusha, utadhani pembe za ndovu alizibeba yeye. Siku ile hakusema. Aliendesha mwenyewe, mkono mmoja umelazwa juu ya dashibodi, akiisoma mitetemo ya gari kwa kiganja. Tulipita Ipuli, nyumba zikaisha, ukaja msitu wa miombo pande zote mbili. Gari lilivuta vizuri muda mrefu, na kila lilipovuta vizuri ndivyo moyo wangu ulivyozidi kwenda mbio, maana hiyo ni safari ya ajabu ambayo abiria wote wanaomba gari liharibike.

Likaharibika. Kwenye mwinuko mmoja mrefu lilianza kuzubaa, moshi mweusi ukajaa kwenye kioo cha nyuma, taa ya njano ikawaka. Wilbroad akaegesha pembeni na kuruka chini kabla gari halijatulia. Boneti ikafunguliwa, joto likatupiga usoni.

Adriano naye alikuwa ameruka. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la vifaa, akachukua ule mpira mweusi wa kusikilizia, akaupangusa kwa shati lake na kumpa Wilbroad kwa mikono miwili. Akasema sasa ndipo pa kusikiliza, fundi, ugonjwa umepanda. Alisema kwa imani kabisa. Nilishika bomba langu nikatazama chini.

Wilbroad akaupokea. Akautazama. Nilijua anachoweza kufanya, nilikuwa nimekiona mara nyingi: angefumba macho, angeinamisha kichwa.

"Adriano," akasema, "mimi sisikii. La kushoto limekufa, la kulia linalifuata. Ni muda sasa. Nilikuwa nawadanganya."

Adriano akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kirundi kama ni kweli, nami nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, kwamba ni kweli. Basi akamtazama Wilbroad, na nitamheshimu Adriano maisha yangu yote kwa alichosema baada ya hapo. Alimuuliza tu ashike wapi.

Hatukuwa na muda wa kuhuzunika, gari lilikuwa linapoa. Ule mpira mweupe wa waashi ulikuwa umelegea kwa joto la bomba njia nzima, umejikunja, haupitishi kitu. Wilbroad akaukata na kuutupa, akachomeka ule mpira wake mweusi mahali pake. Akazima injini, akachomoa mpira mwembamba kwenye pampu huku akijiunguza vidole na kutukana kwa Kinyamwezi, akaunganisha. Akaniambia nipulize polepole. Nikapuliza.

Ulitoka. Nyuma kabisa ya injini, karibu na ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva, chini ya gamba la plastiki, ulipanda uzi mmoja mwembamba wa moshi, umenyooka, mweupe. Wilbroad aliuangalia ule moshi vile ambavyo zamani nilimwona akisikiliza, isipokuwa sasa macho yalikuwa wazi. Kisha akaweka kidole.

"Hapa," akasema.

Nami nikasogea, na kabla hajafungua lile gamba nikasikia harufu. Haikuwa ya magunzi wala ya kinyesi. Hiyo harufu nimelala nayo na kuamka nayo tangu utotoni. Nikamwambia hiyo ni nta.

Akalivuta gamba. Ndani yake mpira ulikuwa umefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimelowa nta ya nyuki, imeyeyuka, inang'aa kama mafuta ya kupaka, na moshi unapita katikati yake. Tukamgeukia Adriano sote wawili.

Kwanza alikumbuka, halafu akaona haya, halafu akajitetea, vyote kwa pamoja. Masika yaliyopita alilaza gari kambini kwa warina asali, panya wakautafuna mpira. Akachana kitambaa, akakichovya kwenye nta ya moto, akakizungusha, akarudishia gamba. Gari likamfikisha nyumbani na hakulifikiria tena jambo hilo. Akasema nta imeziba mizinga ya baba yake, mitungi ya mama yake, ngoma za kanisa na ndoo zote anazobebea asali, na haijawahi kumwangusha. Nikamuuliza kama mtungi wa mama yake unachemka. Nilitaka kumkaripia zaidi, lakini ukweli ni kwamba hata mimi ningefanya vilevile. Kwetu tundu likionekana, mkono unakwenda kwenye nta kabla kichwa hakijafikiri. Nta ikiwa baridi inaziba kuliko mpira mpya, ndiyo maana sabuni, ulimi na moshi wa asubuhi havikuona kitu. Ikipata moto inalegea, mvuto unapotea, tabo inabaki bila amri. Ikipoa inagandia kitambaani tena, inakaa pale na uso wa mtu asiye na kosa.

Wilbroad hakumkaripia. Alicheka mpaka akashika boneti iliyokuwa bado ya moto. Akasema magari yamemletea panya, mchanga, soksi na hata nyoka, lakini kuzibiwa kwa nta na Mama Egidi na watu wa kwao ndiyo mara ya kwanza. Akakikata kipande kibovu, akatoa mpira mpya kwenye sanduku, akaupima, akaukata, akaufunga, akautikisa. Akanirudisha kwenye bomba. Nilipuliza, naye akazunguka injini yote akitazama kwa utulivu, na moshi ukatokea pale pa kupumulia tu. Alizunguka mara nyingine, ingawa haikuhitajika. Nadhani alikuwa anajifurahisha.

Akampa Adriano funguo, akamwambia aendeshe yeye, apandishe ule mwinuko na asilionee huruma gari. Wilbroad akakaa mbele pembeni yake, mimi nyuma. Nilikuwa nimezima bomba na nimechoka, na nguo zangu zilinuka ng'ombe.

Adriano akakanyaga mafuta. Gari liliondoka kwa nguvu mpaka mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti, na ndoo zikasogea kule nyuma. Hapo nikasikia sauti iliyokuwa imepotea tangu gari lianze kuzubaa, nyembamba, inapanda kutoka ndani ya ngurumo. Adriano alianza kucheka peke yake. Wilbroad alikuwa amelaza kiganja juu ya dashibodi, anatazama mbele, na nikaona kwenye kioo kwamba anahangaika na kitu. Mkono ulimwambia gari linavuta. Lakini maisha yake yote alikuwa hakubali kazi imekwisha mpaka aisikie, na sasa haisikii.

Akageuka, akaegemeza kiwiko kwenye kiti, akaniangalia. Hajawahi kuniomba msaada wa gari tangu tuoane. Alikuwa hata haniruhusu kugusa spana.

"Rustika," akasema, na jina langu hilo huwa halitumii. "Niambie inavyolia."

Sikujua pa kuanzia. Mimi ni mtu wa asali. Nikasogea mbele mpaka mdomo wangu ukawa karibu na sikio lake la kulia, nikasikiliza, labda kwa mara ya kwanza nikisikiliza gari badala ya kulisikia tu. Nikamwambia inaanzia chini, nyembamba, kama mtu anayepiga mluzi akiwa mbali. Akaniuliza inakatika? Nikasema haikatiki, inapanda, bado inapanda. Akibadilisha gia? Inashuka kidogo, inapumua pfuu, halafu inapanda tena. Akafumba macho. Akauliza hiyo pumzi ni moja au ni mbili, nikamwambia angoje, nikangoja gia nyingine, nikasikiliza kwa nguvu zangu zote, nikamwambia ni moja.

"Safi?"

"Safi kabisa, Baba Egidi. Umeitengeneza vizuri mno."

Akatikisa kichwa kukubali, macho bado yamefumbwa, machozi yanamtoka na hayafuti. Nilidhani ameridhika, nikanyamaza nikataka kurudi nyuma kwenye kiti changu. Akanishika mkono.

"Endelea kuniambia," akasema. "Kesho kuna basi dogo linakuja, nalo utanisikilizia."

Nikamwambia sawa. Kisha nikaendelea kumweleza ile sauti, inapopanda na inaposhuka, mpaka tukafika kijiji cha Ndono.